Hadithi yako ya kwanza mtandaoni: kusomwa, kulipwa na kuhesabika

Vijana wanaoandika hadithi hapa Arusha na Moshi huuliza swali moja: niiweke wapi? Mmoja ameambiwa Wattpad, jukwaa la hadithi la mtandaoni. Mwingine ameona tangazo la mtu anayedai anatengeneza dola Amazon. Wa tatu ana rafiki anayeuza simulizi kwenye grupu la WhatsApp na hakosi hela ya bando. Wote wameambiwa kweli, ila ndani ya swali hilo yamefungwa mambo matatu tofauti: kusomwa, kulipwa, na kuhesabika kuwa ni mwandishi mwenye kitabu. Kila jukwaa limejengwa kwa ajili ya moja kati ya hayo, likijitahidi sana mawili. Kwa anayeandika Kiswahili akiwa Sakina au Majengo, hakuna linalofanya yote matatu, na anayelitafuta hilo hupoteza miezi akihamahama na sura zake nne zilezile.

Niseme mapema ninakosimama. Hadithi ya kwanza itafutie wasomaji, fedha zifuate. Mwandishi mpya hajui bado sura yake inachosha mahali gani, mhusika gani anapendwa, wala kama mazungumzo yake yanasikika kama ya watu. Mambo hayo huwezi kuyajua ukiwa peke yako na mswada, na ndugu zako hawatakwambia. Anayeweza kukuonyesha ni msomaji asiyekujua, kwa kuacha kusoma au kwa kudai sehemu inayofuata.

Msomaji wako ana simu gani?

Kabla ya kulinganisha majukwaa, mtazame huyo msomaji. Ni dada anayeuza mitumba Memorial, Moshi. Ni mwanafunzi wa Chuo cha Uhasibu pale Njiro. Ni mpagazi aliyeshuka mlimani na anangoja safari nyingine. Ni kijana wa bodaboda anayesubiri abiria Mianzini. Simu zao ni janja, nyingi za bei nafuu, zimejaa picha na video, na bando hununuliwa la siku au la wiki. Mtu huyu hapakui programu mpya kwa ajili ya mwandishi asiyemfahamu. Kadi ya benki ya kununulia vitu mtandaoni hana, au anayo na hajawahi kuitumia hivyo. Lakini WhatsApp yake iko wazi tangu asubuhi.

Hesabu ya data nayo ina la kusema. Sura ya maneno 2,000 ikitumwa kama maandishi haifiki hata kilobaiti 20. Sura hiyohiyo ikisomwa kwa sauti itachukua dakika kama 18, na kwa ubora wa kawaida ni megabaiti nane au tisa. Ukiifanya video, zidisha tena mara kadhaa. Simulizi za sauti na za YouTube zina watu wake, na wengi, ila kwa mwenye bando dogo maandishi ndiyo yanayofika kwa urahisi zaidi.

Isitoshe, mtindo wa kusoma kwa vipande wasomaji wetu wanao tangu zamani. Magazeti ya udaku yaliuzwa kwa nguvu ya hadithi za mfululizo: mtu alinunua la wiki ijayo kwa sababu wiki hii lilimwacha mlango umegongwa na hajajua nani yuko nje. WhatsApp, Facebook na Telegram vimerithi desturi hiyo nzima nzima. Juu panaandikwa SEHEMU YA SABA, chini ITAENDELEA, na kwenye maoni watu wanalalamika kwamba wana arosto. Mwandishi anayepita hapo anajifunza kazi ngumu kuliko zote katika hadithi ndefu, yaani kuifunga sura mahali ambapo msomaji hawezi kuiacha.

Kati ya hizo tatu, tofauti ni hizi. Grupu la WhatsApp huchukua hadi watu 1,024, na mazungumzo ni ya karibu: unaona nani amesoma, nani amekasirika mhusika kufa. Tatizo ni kwamba sehemu ya kwanza huzikwa haraka chini ya salamu na stika, na anayeingia leo hajui aanzie wapi. Telegram inafaa zaidi kwa kuhifadhi. Grupu lake linafika watu 200,000, na mgeni anaweza kupanda juu kusoma kuanzia mwanzo. Ukurasa wa Facebook ndio unaoleta wageni, kwa sababu mtu akishirikisha sehemu yako, marafiki zake wanaiona. Wengi waliofanikiwa kwa njia hii huanzia Facebook kupata watu na kuwahamishia WhatsApp.

Kuna jambo husemwa kwa nadra, na hasa mabinti walijue. Kwenye grupu la kawaida namba yako ya simu iko mbele ya kila mwanachama, na wapo watakaoitumia saa sita usiku kwa mambo yasiyohusu hadithi. Tafuta laini ya pili kwa ajili ya uandishi tu. Au tumia chaneli ya WhatsApp, huduma iliyoanza 2023, ambako wafuasi hawaoni namba ya mwenye chaneli wala namba za wenzao. Utapoteza gumzo la grupu, utapata utulivu.

Wattpad ni kitu kingine. Ilianzishwa Toronto, Kanada, mwaka 2006, na 2021 ikanunuliwa na kampuni ya Naver ya Korea Kusini kwa takriban dola milioni 600 za Marekani. Kufungua akaunti na kuweka hadithi ni bure. Ubora wake mkubwa kwa anayeanza ni kwamba msomaji anaweza kuacha maoni kando ya aya yenyewe, si mwisho wa sura tu, na takwimu zinakuonyesha ni wangapi waliofungua sura ya kwanza, wangapi wakafika ya tano. Ukiona watu wanadondoka wengi kwenye sura ya tatu, umepata kazi ya kufanya. Lakini umati wa Wattpad unasoma zaidi Kiingereza na lugha nyingine kubwa. Hadithi ya Kiswahili itakaa hapo bila wageni kama hutawaleta mwenyewe kwa kiungo. Ukiandika kwa Kiingereza, mizani inageuka, na ningekwambia uanze nayo. Fedha usizitarajie: malipo yapo kwa hadithi chache ambazo kampuni yenyewe huzichagua.

Hela inapitaje?

Hapa ndipo maneno ni mengi na hesabu ni chache, kwa hiyo tupige hesabu.

Huduma ya Amazon ya mwandishi kujichapishia inaitwa KDP. Kitabu cha Kindle, yaani cha kielektroniki, kikiuzwa kati ya dola 2.99 na 9.99, mwandishi hupewa asilimia 70. Chini au juu ya hapo ni asilimia 35. Hiyo ndiyo inayotajwa kwenye matangazo. Isiyotajwa ni kwamba asilimia 70 inahusu wanunuzi walio katika nchi zilizo kwenye orodha ya Amazon, na Tanzania haimo. Mnunuzi aliyeko Moshi anakuletea asilimia 35. Kuna na kodi ya Marekani: kwa mauzo ya huko, asilimia 30 ya mrabaha wako, yaani malipo yako ya mwandishi, hukatwa kama nchi yako haina mkataba wa kodi na Marekani, na Tanzania haina.

Tuseme kitabu kinauzwa dola 2.99, na tuihesabu dola kuwa shilingi 2,500. Shangazi yako aliyeko Marekani akinunua, asilimia 70 ni dola 2.09, inapungua senti chache za kusafirisha faili, kisha kodi inaondoa karibu theluthi. Unabaki na takriban dola 1.43, sawa na kama shilingi 3,600. Rafiki yako wa Kijenge akinunua, wewe unapata dola 1.05, kama shilingi 2,600, naye atakuwa ametoa karibu 7,500 kwa kadi. Halafu uliza benki yako fedha hizo zitakufikiaje na kwa makato gani kabla hujapakia chochote. Lipo pia suala la lugha: KDP ina orodha ya lugha inazozikubali, na kitabu cha lugha isiyokuwemo kinaweza kukataliwa au kuondolewa. Isome orodha hiyo kabla ya kumlipa mtu akutengenezee jalada.

Sasa njia ya nyumbani. Hadithi ya sehemu 30, sehemu kumi za mwanzo bure, atakayetaka zote anatuma 2,000 kwa M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa, na wewe unamtumia PDF. Wakinunua watu 80 ni shilingi 160,000, na ukiondoa ada za kutoa, fedha hizo ziko mkononi mwako wiki hiyohiyo. Mnunuzi hakuhitaji kadi wala akaunti. Ili upate kiasi hicho kupitia Kindle unahitaji kuuza nakala zaidi ya 40 kwa watu wa Marekani wanaosoma Kiswahili.

Njia hii ina jasho lake. Kila muamala unauhakiki mwenyewe, na meseji feki za malipo zipo. Angalia salio, usiamini ujumbe ulioonyeshwa. Kila nakala unaituma mwenyewe. Na PDF ikishatoka, itafowadiwa. Andika jina la mnunuzi kwenye ukurasa wa kwanza wa nakala yake. Haizuii wizi, ila mtu husita kusambaza kitu chenye jina lake. Wengine huepuka PDF kabisa na kuposti sehemu zilizobaki ndani ya grupu la kulipia, kipande kwa kipande, na nadhani kwa mwandishi mpya hiyo ni bora, kwa sababu inamlazimu kuendelea kuandika.

Substack, jukwaa la kuwatumia wasomaji maandishi kwa barua pepe lililoanza 2017, inavutia kwa sababu inakuachia barua pepe za wasomaji wako na inachukua asilimia 10 tu ya malipo yao. Lakini malipo yenyewe hupitia Stripe, kampuni ya kupokea malipo mtandaoni, na Stripe haifungui akaunti za wafanyabiashara wa Tanzania. Itumie kwa hadithi za bure ukipenda.

Maneno ya mkataba

Haki ya hadithi ni yako tangu ulipoiandika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hailazimishi usajili ili haki iwepo, na inailinda kazi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, kwa hiyo ulinzi unavuka mipaka. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ni kujipa ushahidi: siku mtu akibadilisha majina ya wahusika na kuiposti kama yake, wewe una karatasi yenye tarehe. Rasimu zako zilizohifadhiwa mtandaoni na tarehe zake nazo zinasaidia, usizifute.

Unapobonyeza “nakubali” kwenye jukwaa, mara nyingi hauuzi haki, unatoa leseni. Leseni isiyo ya kipekee, kama ya Wattpad kwa hadithi ya kawaida, inawaruhusu kuionyesha na wewe unabaki huru kuiweka kwingine. Leseni ya kipekee inakufunga. KDP yenyewe haikufungi, lakini ndani yake kuna mpango unaoitwa KDP Select, na ukijiunga, toleo la kielektroniki la kitabu chako lisionekane kwingine kwa siku 90, ambazo hujirudia zenyewe usipozisitisha. Maana yake kwa mwandishi wetu ni kwamba sehemu zote alizoposti Telegram na Facebook lazima ziondoke, isipokuwa dondoo la hadi asilimia 10. Wengi hubonyeza kisanduku hicho bila kukisoma.

Hatari kubwa zaidi inawafuata wanaoandika kwa Kiingereza. Ukishapata wasomaji kidogo, utapokea ujumbe wa sifa kutoka kwa mtu anayejiita mhariri wa programu fulani ya riwaya za sura kwa sura, pamoja na mkataba. Nenda moja kwa moja kwenye mambo manne: haki zinatolewa kwa muda gani, zinahusu nini (maandishi tu, au pia sauti, tafsiri na filamu), unatakiwa kuandika maneno mangapi kwa mwezi, na unatokaje. Ukikuta muda ni “kipindi chote cha hakimiliki”, umeombwa uitoe hadithi hiyo mpaka miaka 50 baada ya kufa kwako. Usitie sahihi. Furaha ya kusifiwa na mgeni ni kubwa kwa mtu ambaye nyumbani anaambiwa anachezea simu, na wanaotuma mikataba hiyo wanalijua hilo. Mpelekee mwanasheria, hata yule jirani anayesomea sheria, asome kabla yako kuamua.

Blogu yako mwenyewe, kwa Blogger au WordPress, ni bure kuanza na hakuna atakayekuondolea sura. Ila kuna sheria ya hapa. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu wakate leseni, kwa ada ambazo kwa jumla zilizidi shilingi milioni mbili, na Juni mwaka huo hata JamiiForums ilisimama kwa muda. Kanuni mpya zilitoka 2020, zikarekebishwa tena baadaye na ada zikashushwa, na mkazo wa leseni umeelekea kwa wanaotoa habari na matukio. Kama unafikiria tovuti yenye jina lako, na hasa kama utachanganya hadithi na habari za mji, nenda uulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko hapahapa Arusha.

La mwisho kuhusu sheria ni chombezo. Hadithi za chumbani hupata wanunuzi haraka kuliko nyingine zote, na kila mwandishi mpya hushawishiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza ponografia kwa njia ya kompyuta, na simu ni kompyuta. Grupu la kulipia halikufichi, kwa sababu miamala ina jina lako. Mapenzi yaandikwe, yana utamu wake. Ila ujue mstari uko wapi.

Jukwaa likifungwa

OkadaBooks ya Nigeria, iliyofunguliwa 2013 na kuwafaa waandishi wengi wa huko, ilifunga milango mwishoni mwa Novemba 2023. Kindle Vella, jaribio la Amazon la hadithi za vipande, lilianza 2021 na kuondolewa Februari 2025. Hapa Tanzania, X ilizuiwa Mei 2025, na aliyekuwa na wasomaji wake wote huko aliamka hana njia ya kuwafikia bila VPN. Jukwaa ni fremu ya kupanga: unalipamba, wateja wanakuzoea, lakini funguo ana mwenye nyumba.

Kwa hiyo vitu viwili visikae jukwaani peke yake. Mswada mzima uwe kwenye simu na kwingine pia, kwenye barua pepe au kompyuta ya stesheneri unayoiamini, ukiwa umehaririwa; usitegemee sehemu ulizoposti. Na wasomaji: omba namba au barua pepe za wanaopenda kazi zako, kwa ridhaa yao, uziweke kwenye daftari. Watu 200 unaoweza kuwafikia jukwaa lolote likizimika wana thamani kuliko wafuasi 5,000 ambao huwezi.

Kuhesabika

Limebaki lile la tatu, na si la haraka kama hulihitaji bado. Kitabu chenye ISBN, yaani namba ya kukitambulisha, kinaingia kwenye kumbukumbu za maktaba na maduka. Hapa nchini namba hizo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Sehemu 30 za WhatsApp haziihitaji. Kitabu cha karatasi utakachokipeleka dukani kinaihitaji.

Lakini kama unawaza tuzo, amua sasa, kabla ya kuposti. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, na mshindi wa kwanza wa riwaya alipata shilingi milioni 10. Ipo pia Tuzo ya Safal, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, kwa kazi za Kiswahili. Mashindano ya namna hii hupokea miswada, na neno “haijachapishwa” likiwemo katika masharti, riwaya iliyokwishapostiwa Facebook sura zote inaweza kukutoa nje hata kama hukulipwa senti. Chagua hadithi mbili. Ile unayojifunzia iende kwa wasomaji kipande kwa kipande. Ile unayoiamini zaidi, ikae bila kupostiwa mpaka usome masharti ya tuzo ya mwaka huo.